Nani Atakibeba? Historia Fupi ya Kuchagua Chombo cha Kwanza

Mwezi Juni mwaka jana nilichemsha ubao jikoni kwa mama yangu, Uyole, Mbeya. Kilikuwa kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa daftari, nilichokikata kwenye shiti niliyoinunua Mafinga. Muuzaji alikuwa ameniapia kabisa: "Hii ni marini bodi, kaka, haiogopi maji." Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa boti hawaamini kiapo cha muuzaji. Wanachemsha. Kipande kikikaa saa kadhaa kwenye maji yanayotokota bila tabaka zake kuachana, gundi yake inafaa kwa chombo. Kikiachana, huo ni ubao wa kufungia zege tu, hata uitwe marini mara mia.

Baada ya saa mbili hivi mama akaingia jikoni, akafunua sufuria.

"Unapika nini humu?"

"Boti, mama."

Hakucheka. Alizima jiko, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Ziwa ni mahali pa kazi. Hakuna mtu anayekwenda kustarehe pale kaka yangu alipobaki."

Mjomba wangu simjui. Mwaka 1983, kabla sijazaliwa, alipakia magunia ya mchele wa Kyela kwenye mtumbwi pale Matema akafuata ufuko kuelekea kusini, chini ya Milima ya Livingstone. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Ndiyo maana nimekulia Mbeya mjini, mwendo wa nusu siku kutoka ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, nikafika umri wa miaka thelathini na kitu sijui kuogelea hata hatua moja.

Sasa mtu wa namna hii anataka boti ya starehe ya nini? Wenzangu wawili wa kazini walikuwa na wazo hilo muda mrefu: tuchange, tununue chombo kidogo, tuwe tunashuka Matema mwisho wa mwezi. Mimi nikapewa kazi ya "kufanya utafiti", maana ndiye mwandishi. Nikaanza na bei, kama kila mtu. Nikaishia kwenye historia, na historia ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Ukisoma habari za vyombo vilivyoletwa Ziwa Nyasa, unaona orodha ndefu ya watu waliochagua chombo cha kwanza, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amechagua vizuri.

Starehe ya nani?

Tuanze na neno la mama: starehe. Ni kweli kwamba chombo cha majini kwa ajili ya raha tu kilianza kama jambo la wafalme. Neno la Kiingereza wanalolitumia kwa boti hizo za raha limetoka Uholanzi, ambako lilihusu vyombo vyepesi vya kuwinda na kukimbiza. Mwaka 1660 Waholanzi walimpa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza chombo kimoja kiitwacho Mary. Mwaka uliofuata mfalme akashindana na mdogo wake mtoni Thames, kutoka Greenwich hadi Gravesend na kurudi, dau likiwa pauni 100. Hapo ndipo Waingereza wanapopenda kuanzia hadithi yao.

Lakini miaka mia mbili baadaye, raha hiyo ilishuka kwa watu wa kawaida kwa njia ambayo inatuhusu zaidi. Mwaka 1865 mwanasheria mmoja, John MacGregor, alibuni mtumbwi mdogo wa mtu mmoja kwa kuiga vyombo vya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Akauita Rob Roy, akaupakia kwenye treni, akazunguka nao mito ya Ulaya. Kitabu chake kilisomwa sana, na watu wakaanza kutengeneza mitumbwi ya kwao. Yaani chombo cha raha cha mtu wa kawaida kilizaliwa pale Mzungu alipoiga chombo cha kazi cha watu waliokuwa wanavua na kuwinda.

Kwetu pia, klabu ya vyombo vya tanga ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1933, enzi za mkoloni, na unaweza kudhani raha ya majini ilitua hapo. Si kweli. Waulize watu wa Lamu kuhusu mashindano ya majahazi wakati wa Maulidi, au Wazanzibari kuhusu resi za ngalawa. Nahodha anayebeba boriti Jumatatu ndiye huyo anayeshindana sikukuu, na chombo ni kile kile. Pwani hawakuhitaji neno jingine.

Kwa hiyo nilimjibu mama kichwani mwangu (mdomoni nisingethubutu) kwamba raha na kazi havijawahi kuwa mbali hivyo. Jambo lililobaki ni gumu zaidi: chombo gani?

Mama Robert na pumu yake

Mtu wa kwanza kujulikana kwa kuagiza chombo maalumu kwa ajili ya maji ya huku ni David Livingstone. Mwaka 1858 alifika mlango wa Zambezi na boti ya mvuke iliyotengenezwa na kiwanda cha Laird huko Birkenhead. Ilikuwa na jina la Ma Robert, kwa sababu Waafrika walimwita mke wake hivyo, kama sisi tunavyomwita mama kwa jina la mtoto wake. Bodi yake ilikuwa ya chuma cha pua cha aina mpya, chembamba, chepesi. Kwenye karatasi ilikuwa boti nzuri ajabu.

Mtoni ikawa kichekesho. Ilikula kuni kupita kiasi: watu walikata miti siku nzima ili ipate kutembea kidogo. Mitumbwi iliyosheheni mizigo iliipita. Bati lake jembamba likaanza kutoboka. Wenyewe wakaipa jina la utani la mgonjwa wa pumu, kwa jinsi ilivyohema. Mwisho wa mwaka 1860 ikazama kwenye fungu la mchanga na nadhani hakuna aliyelia.

Ya pili, Pioneer, ilikuwa imara lakini ilizama sana majini, kwa hiyo ikawa inakwama kwenye mchanga wa mto Shire. Ya tatu, Lady Nyassa, Livingstone aliilipia kwa pesa zake mwenyewe. Hii ndiyo iliyokusudiwa ziwa letu: ilitengenezwa kwa vipande ili ipitishwe nchi kavu kando ya maporomoko ya Shire. Haikufika. Msafara ukaitwa kurudi Uingereza mwaka 1863, na Lady Nyassa haikuwahi kugusa maji ya Nyasa.

Kilichofuata ni kituko kikubwa. Mwaka 1864, Livingstone aliichukua boti hiyo ya mtoni na ziwani akavuka nayo Bahari ya Hindi kutoka Zanzibar hadi Bombay, akiwa na mabaharia wachache, wengi wao watu wa Zambezi, pamoja na vijana wawili. Mmoja wa vijana hao alikuwa Chuma, yule yule ambaye miaka kumi baadaye alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Bombay boti ikauzwa kwa bei ya hasara, na hata pesa hizo zikapotea benki ilipofilisika.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba alipofanikiwa kulipeleleza ziwa mwaka 1861, hakutumia meli hata moja kati ya hizo. Alitumia mashua ya makasia iliyobebwa na watu kupita maporomoko. Akafika, akapigwa na dhoruba, na wanasema alilipa ziwa hili jina la Ziwa la Dhoruba, pamoja na lile jina zuri la Ziwa la Nyota ambalo ndilo tunalolikuta kwenye vipeperushi vya utalii.

Nilifunga kitabu nikaangalia simu yangu. Ilikuwa bado wazi kwenye tangazo la boti ya faiba yenye injini ya farasi 40, iko Dar es Salaam, "ina hali nzuri". Nilikuwa nimeiangalia kwa wiki tatu. Nikajiuliza: petroli ya kunywesha hiyo injini nitaitoa wapi pale Matema, na ikiharibika, nani wa kuitengeneza?

Swali la wapagazi

Henry Morton Stanley alijifunza kutokana na makosa ya mwenzake, lakini si yote. Mwaka 1874 alimwagiza fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames, amtengenezee mashua ya mbao ya futi 40, iitwayo Lady Alice, inayofunguka vipande vitano. Ilipofika Zanzibar vipande vikapimwa, vikaonekana vizito na vipana mno kwa njia za miguu za bara. Ikabidi fundi mwingine avikate upya. Fikiria: mashua imetengenezwa na fundi bora, kwa pesa nyingi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza mtu mmoja anabeba kilo ngapi.

Baada ya marekebisho hayo Lady Alice ilifanya kazi ya ajabu. Ilitoka Bagamoyo mabegani mwa watu, ikazunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875, ikashuka mto Kongo, ikaja kutelekezwa mwaka 1877 juu ya maporomoko ya Isangila kwa sababu waliochoka hawakuweza tena kuibeba.

Na kwetu Nyasa kuna Chauncy Maples, meli ya wamisionari iliyotengenezwa Glasgow, ikafunguliwa vipande 3,481, ikasafirishwa na kuunganishwa ufukweni. Ilishushwa majini mwaka 1901. Bwela lake la tani 11 halikufunguka. Wangoni 450 walilivuta nchi kavu kwa kamba.

Tunapenda kusimulia habari hizi kwa majina ya wenye meli. Mimi nimeanza kuzisoma kwa upande wa begani. Historia ya vyombo vya maziwa yetu ni historia ya wapagazi, na swali lao ni swali la kwanza la mtu yeyote anayenunua boti ndogo leo: nani atakibeba? Toka nyumbani mpaka garini, toka garini mpaka majini, jioni ukiwa umechoka na umelowa. Sisi tuko watatu. Mmoja ana mgongo mbovu.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo halisemi, nalo ni kwamba chombo kinakaa nchi kavu muda mrefu kuliko unavyodhani. Wajerumani walilijua hilo kwa aibu. Meli yao Hermann von Wissmann, iliyoanza kazi Nyasa mwaka 1893, ilikuwa imepandishwa kwenye matengenezo Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, tarehe 13 Agosti 1914. Meli ya Waingereza Guendolen ikatokea, ikapiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Nahodha Rhoades wa Guendolen alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Berndt akaingia kwenye mashua ndogo akamfuata, amefura hasira, akimuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka papo hapo. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa ushindi wa kwanza wa majini wa Waingereza katika vita vile, na ulipatikana dhidi ya meli iliyokuwa inasubiri ukarabati.

Upepo wa Julai

Sasa nije kwenye jambo ambalo mama hakulisema ila nililisikia. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na upana usiozidi kilomita 80 hivi, na kina chake kinafika karibu mita 700. Limelala kusini kwenda kaskazini katikati ya milima, kama bomba. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, ule ambao wenzetu wa Malawi wanauita mwera, unaingia kwenye bomba hilo na kusukuma mawimbi kuelekea kaskazini. Kaskazini ndiko sisi tuliko. Wimbi linalofika Matema limekuwa linakua njia nzima.

Meli ile ya wamisionari ilipewa jina la Askofu Chauncy Maples, na si kwa heshima tu. Septemba 1895, akirudi Likoma baada ya kuwekwa wakfu, mashua yake ya tanga ilipinduliwa na dhoruba humu ziwani akafa maji. Inasimuliwa kwamba aliwaambia waliotaka kumwokoa wajiokoe wenyewe.

Julai 1946 ikawa zamu ya Vipya, meli mpya kabisa ya upande wa Malawi. Ilipewa jina la nyanda za juu za Viphya, ingawa sikio la Mswahili linasikia jingine. Ilipinduka kwenye dhoruba ikiwa bado haijamaliza hata miezi miwili kazini. Walikufa watu 145. Sisi Watanzania hatuhitaji kuelezwa maana yake. Tuna MV Bukoba ya Mei 1996, tuna Spice Islander ya 2011, tuna MV Nyerere ya 2018. Mama yangu ni mtu wa kizazi kilichosikiliza redio siku zile, na kaka yake alikuwa ameshatangulia.

Ukitaka kuona chombo ambacho kimeuzingatia upepo huo, nenda Matema Jumamosi, siku ya soko la vyungu pale Lyulilo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu, na mitumbwi inavileta kwa maji, vimepangwa kama mayai. Angalia mtumbwi wenyewe. Umechongwa kwenye gogo moja, na mdomo wake juu ni mwembamba kuliko tumbo lake. Kwa mgeni unaonekana kama kosa la fundi. Mtu mzima anaketi ukingoni juu, miguu ndani. Lakini ule wembamba ndio unaozuia wimbi lisiingie, na tumbo pana ndilo linalobeba mzigo. Hakuna injini ya kunywesha. Unavutwa mchangani na watu wawili. Kati ya vyombo vyote nilivyosoma, ni huu peke yake uliochaguliwa na watu ambao wangezama wao wenyewe kama wangekosea.

Na bado mjomba wangu alikuwa ndani ya chombo hicho hicho. Sitaki kuupamba mtumbwi. Chombo kizuri kilichopakiwa magunia mengi, mwezi mbaya, kinazama kama kibaya.

Gazeti lililouza boti

Kabla sijarudi Matema, niruhusu nipite Uingereza mara moja, kwa sababu huko ndiko nilikopata jibu la nusu.

Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror, gazeti la wafanyakazi, liliamua kuwauzia wasomaji wake boti. Msanifu wa boti Jack Holt na mtangazaji wa televisheni Barry Bucknell, aliyekuwa anafundisha watu kujitengenezea vitu nyumbani, wakabuni kidau cha plaiwudi chenye urefu wa mita 3.3. Kilikuja kama vipande vilivyokatwa tayari. Unavishona kwa waya wa shaba kama unavyoshona gunia, kisha unaziba mishono kwa utepe wa faiba na gundi. Kilikuwa na uzito wa kilo 45 hivi, kinakaa juu ya keria ya gari dogo. Bei ya kuanzia ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Kinapigwa kasia, kinapandishwa tanga, na kina vyumba vya hewa vinavyokifanya kielee hata kikijaa maji. Matanga yake yalikuwa mekundu, rangi ya gazeti. Vimetengenezwa zaidi ya 70,000, vingi kwenye gereji na sebule za watu.

Nilipoisoma habari hii niliruka. Kwanza kwa sababu mimi ni wa magazeti, na siku hizi sijasikia gazeti linalompa msomaji kitu chochote cha kushika. Pili kwa sababu waliotengeneza kidau kile walianza na maswali yale yale ya mpagazi: uzito gani, gari gani, nani atakitengeneza kikitoboka.

Tatu, kwa sababu ya Mafinga. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tumezungukwa na mbao. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, Mufindi, ndio mkubwa kuliko yote ya serikali, na ukipita Mafinga unaona veneza zimeanikwa juani kama nguo. Nikajiambia, kidau cha plaiwudi ya Iringa kwenye maji ya Kyela, kimeshonwa Uyole. Mchana huo huo nikapanda basi.

Matokeo unayajua. Mama alipozima jiko, kile kipande kilikuwa kimeshafunguka tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholala mvuani. Simlaumu yule muuzaji. Marini kwake ni jina la bodi ya kufungia zege, na zege halivuki ziwa. Plaiwudi yenye gundi inayostahimili ipo, ila inabidi uiulizie kwa jina la gundi yake, uichemshe, na ulipe zaidi.

Ushauri wa mzee wa Matema

Julai nikashuka Matema peke yangu, kupitia Tukuyu na Ipinda. Nilimtafuta mzee mmoja anayechonga mitumbwi. Nikamsalimu, "Ugonile, baba," akaitikia, akanikalisha juu ya gogo. Nikamweleza kila kitu, kidau cha gazeti, faiba ya Dar, hata boti za kujaza upepo. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza maswali matatu.

"Unataka kwenda wapi?"

Nikasema popote tu, kutembea. Akatikisa kichwa. Popote si mahali. Nikafikiri, nikasema nataka kutoka hapa mchangani mpaka kwenye miamba kule chini ya mlima, nikae, nirudi. "Basi hapo huhitaji injini," akasema. Nikamuuliza kuhusu Bwawa la Mtera, maana mwenzangu mmoja ni wa Iringa na angependa huko. Hakuwahi kufika, lakini nilipomweleza kwamba ni maji ya bwawa yanayopanda na kushuka, yenye visiki vya miti iliyofunikwa, akasema huko ni chombo cha tumbo bapa na mwendo wa taratibu. Ziwa hili linataka kingine. Kumbe boti haichaguliwi kwanza. Maji ndiyo yanachaguliwa kwanza.

"Mko wangapi wa kuvuta?"

Nikamweleza habari ya mgongo. Akacheka.

"Unaogelea?"

Nikasema hapana. Nikaongeza, kwa ujuaji wa mtu aliyesoma, kwamba hata Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, hakujua kuogelea. Mzee akauliza, "Naye yuko wapi sasa?" Ikabidi niseme ukweli: alitoweka baharini, yeye na chombo chake.

Hakusema kitu. Aliinuka, tukausukuma mtumbwi wake mpaka maji ya kiunoni, mahali palipokingwa na wimbi. Akanipandisha. Nikakaa ukingoni kama nilivyoona wengine wakikaa, nikajiona nimeweza. Akaweka mkono mmoja ubavuni akaupindua.

Maji yale ni ya uvuguvugu, nilikuwa sijui. Nilikunywa ya kutosha. Nilisimama nakohoa, nikiwa nimeushika mtumbwi uliogeuka kifudifudi, na nikagundua kwamba unaelea. Nilikuwa nimesoma mamia ya kurasa lakini mkono wangu ulikuwa haujui kwamba chombo kilichopinduka bado ni cha kushikilia. Nikamfikiria mjomba. Sikupata jibu lolote kuhusu mjomba. Nilipata kujua tu mahali pa kuweka mikono.

Ushauri wa mzee ulikuwa mfupi. Usinunue. Kodi kwanza, mwaka mzima, uje kila mwezi. Novemba utalikuta ziwa limetulia kama chai kikombeni na utampenda kila muuzaji wa boti. Njoo na Julai. Ukae ufukweni usiingie, uangalie tu. Jifunze asubuhi ni saa ngapi upepo unaamka, wapi mito inaingia na mamba wanakaa. Baada ya hapo mwenyewe utajua unataka chombo gani, na huenda usikitake kabisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ulikuja kusoma namna ya kuchagua boti ya kwanza, na mimi sijanunua. Tumechanga, pesa zipo. Tumenunua jaketi okozi tatu, kila moja ya saizi ya mwenyewe. Tumeulizia TASAC, ambao ndio wanaosajili na kukagua vyombo, hata vidogo. Kidau cha plaiwudi kipo kwenye karatasi, mita 3.3, na safari hii gundi imechemshwa ikapona. Tutakishona mwakani, kama baada ya miezi kumi na miwili bado tutakitaka. Huko nyuma kila mtu aliyeleta chombo Nyasa alikuwa na haraka. Sisi hatuna haraka, hiyo ndiyo faida pekee ya kwenda kwa starehe.

Wakati huo huo najifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa Mbeya, maji ya baridi ya kutetemesha, pamoja na watoto wa darasa la nne wanaonipita. Mwezi uliopita nilifika ng'ambo kwa mara ya kwanza, mita 25, bila kusimama. Mama alikuwepo. Sikumwalika, alisema tu anapita, akaketi kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake mapajani, amevaa sweta. Nilipotoka majini akanipa taulo.

"Kaka yangu alikuwa anajua," akasema. "Kuogelea. Alikuwa anajua sana."

Nikasema najua, mama.

Tukakaa kidogo. Kisha akaniuliza lini nitamnunulia sufuria nyingine, maana ile mpaka leo inanuka gundi.